Tope Nalo Hupikwa

Mtu asimamaye kilimani Luzira, penye magereza na nyumba za askari, huona kinamasi cha Nakivubo kikiteremka mpaka ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Uchafu mwingi wa Kampala hupita humo kinamasini, nayo maji ya kunywa ya mji huvutwa katika ghuba hiyo hiyo, kule Ggaba. Katikati ya njia hiyo watu hulima magimbi na miwa. Basi kitokacho chooni hakipotei. Hurudi kwetu kwa bomba au kwa sahani.

Kwa sababu hiyo Shirika la Taifa la Maji lilijenga Bugolobi, jirani ya Luzira, mtambo mpya wa kusafisha lita milioni 45 za maji machafu kwa siku, badala ya ule wa zamani wa wakati wa ukoloni. Maji yakisha kusafishwa, hubaki tope zito. Tope hutiwa katika matangi yasiyoingia hewa, na humo bakteria hulila na kutoa gesi iwakayo, ambayo huendesha mashine za umeme.

Katika nchi nyingine tope hilo hupikwa kwanza kabla ya kutiwa tangini. Sababu yake kila mpishi ataifahamu upesi. Maharage mabichi hayamfai mtoto; yakichemshwa, ganda hulainika na chakula kilichomo hupatikana. Sehemu kubwa ya tope ni miili ya bakteria waliokwisha kuyasafisha maji, na kila mmoja ana ganda lake. Bakteria wa tangini, wafanyao kazi vizuri katika joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi, hutumia majuma mawili au matatu kulishughulikia, na hata hivyo huacha chakula kingi bila kuguswa.

Mjini Hamar, Norway, katikati ya miaka ya 1990, ulianza kazi mtambo wa kulipika tope katika mapipa ya chuma yaliyofungwa kabisa. Mvuke hulitia joto la nyuzi 165 hivi kwa muda wa dakika 20 mpaka 30, kisha mkandamizo huachiliwa kwa ghafula. Maganda hupasuka, tope huwa jepesi kama uji, gesi huongezeka, na tangi lile lile huweza kupokea tope jingi zaidi. Mji wa Washington, Marekani, nao unatumia njia hiyo.

Mama mwenye kupima matumizi atauliza: kuni za kupikia zatoka wapi? Mvuke hupatikana kwa gesi ile ile na kwa joto la mashine zake. Lakini tope lazima likamuliwe kwanza, kwa maana likiwa na maji mengi, moto wote utaishia kuchemsha maji. Kwa hiyo njia hii huifaa miji mikubwa.

Iko njia nyingine nyepesi: kulitia tope joto la nyuzi 70 kwa muda wa saa nzima, kama vile maziwa yatiwavyo moto yasilete maradhi. Shabaha hapa ni kuua viini na mayai ya minyoo. Mayai ya mchango yana ganda gumu. Huweza kukaa udongoni miaka kadhaa, na tangi la nyuzi 35 haliyaui yote. Tope litokalo humo likimwagwa juu ya mchicha, mayai hayo huingia tumboni mwa mtoto.

Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2001, katika gereza la Cyangugu, kupikia kwa gesi ya vyoo. Kazi hiyo ya chuo cha ufundi cha Kigali ilipunguza kuni za jikoni karibu nusu, ikapata tuzo ya Ashden mjini London mwaka 2005. Matangi yao yamezikwa ardhini, wala tope halipikwi kwanza. Gesi, basi, yapatikana bila moto. Lakini tope linalobaki lataka hadhari.

Wewe uliye na bustani nyuma ya nyumba kambini, usithubutu kulichemsha tope la choo nyumbani. Utateketeza kuni na kuleta uvundo na maradhi. Acha muda ufanye kazi ya moto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 wasema kwamba katika nchi za joto kinyesi kiwekwe zaidi ya mwaka mmoja, bila kuongezwa kipya, kabla ya kutumiwa shambani. Kiweke mahali pakavu, mbali na kisima na michezo ya watoto. Mwaka ukiisha, kitie chini ya migomba na miti, si juu ya mboga zinazoliwa mbichi. Vaa viatu, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Mtamboni kazi hiyo huchukua dakika 30. Bustanini kwako huchukua mwaka mzima, na asiyeweza kuungoja mwaka huo na anunue samadi ya ng'ombe.