Shoku kuukuu zinavyowatia hasara wenye magari ya kifahari Mombasa

KENYA hairuhusu gari kuukuu lililopita miaka minane tangu kuundwa kuingizwa nchini. Hivyo, gari la kifahari aghalabu huteremshwa bandarini Mombasa likiwa limekwisha kula chumvi. Miaka michache baadaye, likiwa limepondwa na mashimo ya barabara, mwenyewe huanza kusaka shoku zilizong'olewa kwenye gari jingine.

Hapo ndipo hesabu huharibika. Mercedes-Benz S-Class iliyozinduliwa mwaka 1998, kwa mfano, haibebwi na springi za chuma bali na mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa Mji wa Kale. Ukipata nyufa, hewa huvuja, pampu hufanya kazi bila kupumzika na hatimaye huungua. Aliyekwepa gharama moja hujikuta na mbili.

Gari lina kitabu kinachoonyesha mwaka lilipoundwa. Shoku ya mtumba haina. Muuzaji ataapa kwamba imewasili jana kutoka Japani, na huenda ni kweli, ila safari ya meli haipunguzi umri. Vyuma vikuukuu vinaweza kununuliwa vikikaguliwa kutu, maana hewa ya kisiwani ni ya chumvi. Mpira haufai.

Baadhi ya mafundi huweka springi za kawaida badala ya mifuko hiyo. Gari hupoteza ulaini wake, lakini hutembea.