Paka wa Majamvini: Tusikimbilie Sumu

Wanachama wapenzi,

Tangu uchumaji uanze tumepokea malalamiko mengi juu ya paka wasio na wenyewe. Wanalala juu ya majamvi, wanachafua karafuu zinazoanikwa, na mtu aliyehangaika juani kutwa nzima hulazimika kutupa pishi kadhaa. Karafuu chafu haipati daraja nzuri. Baadhi yenu mmeshauri tutie sumu katika matumbo ya samaki, kazi iishe usiku mmoja. Shauri hilo litaletwa mbele ya mkutano wetu mkuu, nasi twaona ni wajibu wetu kusema mapema kwamba hatuliungi mkono.

Hivi karibuni tulikwenda Sumbawanga kutafuta maharage ya duka la chama, tukafikia Katandala. Mwenyeji wetu, mzee wa Kifipa, alituonyesha ghala lake. Huko Ufipa mahindi ni mali kama karafuu kwetu, na adui wake ni panya wa shamba, ambaye jike mmoja aweza kuzaa zaidi ya kumi kwa mara moja. Mlangoni mwa ghala alikaa paka jike, kibakuli chake kando. Tukamwuliza mzee kama mtaani kwake hakuna paka wa kuzurura. Akacheka, akasema, "Wapo, wanangu. Na kila mmoja alianzia nyumbani kwa mtu."

Maneno hayo yalitufikia. Ni nani kati yetu hajapata kutia watoto wa paka kikapuni na kwenda kuwaacha sokoni? Nasi tuandikao haya tumefanya hivyo. Paka jike hushika mimba akiwa na miezi mitano au sita. Hubeba siku sitini na kidogo, huzaa wanne au zaidi, na aweza kurudia mara mbili au tatu kwa mwaka. Sisi tunawatupa, kisha tunawashitaki.

Sumu haichagui. Itamla kuku wa jirani, na yaweza kufika mkononi mwa mtoto anayetambaa. Wala haimalizi neno: paka wachache wakifa, wengine huja kwenye chakula kile kile, na waliosalia huzaa. Tena sisi tuliosoma chuoni twakumbuka habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie riziki.

Lakini hatusemi paka waachwe tu. Kisiwa chetu cha Pemba kina ndege wasiopatikana penginepo duniani, akiwemo bundi wa Pemba aishiye hata katika mikarafuu yetu, na paka mwenye njaa haulizi ndege huyu ni wa wapi. Katika kisiwa cha Marion, kilicho chini ya Afrika Kusini, paka watano waliletwa mwishoni mwa miaka ya 1940 wawakamate panya. Kufika 1977 walikadiriwa kuwa zaidi ya 3,000, wakiua ndege wa baharini kwa malaki kila mwaka. Paka wa mwisho aliondolewa 1991. Panya walibaki, na baadaye wakaanza kuwashambulia ndege wenyewe. Paka akiondoka, panya hutawala.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, chama kimwombe daktari wa mifugo awahasi paka, madume na majike, wa majumbani na wa mitaani, na fungu la chama lichangie gharama. Paka aliyehasiwa hubaki akikamata panya, wala haongezi idadi. Pili, karafuu ziingizwe ndani kila jioni, kama wazee wetu walivyotufundisha kwa ajili ya mvua na umande. Tatu, matumbo ya samaki yafukiwe, yasitupwe kando ya majamvi.

Nne, mtu asilete paka wala mbwa kutoka bara bila idhini na chanjo. Kule Katandala mwenzetu mmoja alikwisha kumpenda mtoto wa paka yule, akataka kumtia kapuni aje naye. Tulimkatalia, naye akanuna njia nzima. Kichaa cha mbwa kilitoweka Pemba mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuchanja mbwa. Mwaka 2016 kikaingia tena, ikabidi kazi ianzwe upya hata kikaondolewa mara ya pili. Paka naye hukishika na hukiambukiza. Hatutaki jina la chama chetu litajwe katika mara ya tatu.

Wenyeji wa Ufipa husema jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Nasi tuingiapo mkutanoni, tuitupe hiyo sumu kwanza, kisha tuzungumze habari ya paka.

Wasalaam,
Katibu wenu