Kiolezo Hubeba Zaidi ya Kilichokusudiwa

Fundi anayesimamia seva ishirini hapendi kuzipanga moja moja. Aghalabu huiweka seva ya kwanza sawasawa, akachukua nakala ya mipangilio yake yote, yaani kiolezo, kisha akakitumia kiolezo hicho kwa zile kumi na tisa zilizobaki. Kazi ya juma zima humalizika kwa alasiri moja. Lakini kiolezo hakijui fundi alikusudia nini. Kinachokijua ni kile tu kilichokuwamo katika seva ya kwanza: saa, njia za mtandao, nywila ya msimamizi, anwani, hata jina. Fundi alitaka kusahihisha saa. Kumbe asubuhi yake seva mbili zinagombea anwani moja, na kompyuta pepe zilizomo ndani yake hazipatikani.

Tatizo hili halikuzaliwa na kompyuta. Wilayani Ngara, mkoani Kagera, kulikuwa na kambi ya Lukole, iliyofungwa mwaka 2008. Hapo walihifadhiwa Warundi waliokimbia machafuko yaliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, nao mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wapata laki moja. Umati wa namna hiyo hauwezi kuhudumiwa bila kiolezo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lina viwango vyake vinavyotumika dunia nzima: maji kwa lita, chakula kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, makazi kwa mitaa na vitalu. Viwango hivyo vimeokoa roho nyingi, na asiyevithamini hajaona kipindupindu kambini.

Hata hivyo Simon Turner, mwanaanthropolojia wa Kidenmaki aliyefanya utafiti Lukole, alieleza katika makala yake ya mwaka 1999 jambo ambalo halikuwamo katika mpango. Wanaume walilalamika kwamba wake zao hawakuwaheshimu tena, kwa kuwa shirika lilikuwa mume bora kuwashinda wao: ndilo lililoleta chakula, turubai na dawa. Baadhi ya vijana, kwa upande wao, walijipatia cheo kipya kwa kuwa viongozi wa mitaa au waajiriwa wa mashirika. Usawa wa wanawake na wanaume ulikuwa kusudi la wazi la shirika hilo. Kuwafanya waume wajione hawana kazi nyumbani halikuwa kusudi la mtu yeyote.

Mfano huu una mpaka wake. Seva huweza kuondolewa mzigo kabla ya kuguswa: kompyuta pepe zake huhamishiwa kwa jirani, mipangilio hubadilishwa, kisha hurudishwa. Watu wa Lukole hawakuwa na pa kuhamishiwa wakati mpango ukijaribiwa. Isitoshe, seva hukubali kuulizwa kabla. VMware ilipoleta violezo vya aina hii katika vSphere 4, mwaka 2009, iliweka pia hatua ya ukaguzi: programu huilinganisha seva na kiolezo na kuorodhesha tofauti, pasipo kubadili chochote. Kwa hiyo mpangaji wa kambi anaweza kusamehewa kwa kutoona mbele. Fundi aliyeiruka orodha hiyo hana udhuru.

Wapo watakaosema kusoma orodha ndefu kunapoteza faida ya kiolezo. Hoja hii ni dhaifu. Aliyeokoa siku nne hawezi kulalamikia saa moja, hasa ikiwa seva hizo zinabeba kumbukumbu za hospitali au matokeo ya mitihani. Katika saa hiyo vitu vilivyo mali ya mashine moja, kama jina na anwani, huondolewa katika kiolezo na kujazwa mbali kwa kila seva. Kisha kiolezo hujaribiwa kwa seva moja tu, nayo huangaliwa kabla ya nyingine kufuata.

Shule zenye chumba cha kompyuta zinalifahamu jambo hili kwa sura nyingine, pale diski moja inaponakiliwa kwa mashine zote na mashine zote zikaitwa jina moja. Mwalimu anaweza kuanzia hapo. Wanafunzi wachukue kompyuta mbili na kuandika kwa mkono tofauti zake: jina, anwani, saa, printa. Halafu wabishane ni zipi zinazostahili kufanana.