Sukuma tunakula, maji tunaogopa

Taja maji taka yaliyosafishwa uone watu wa Nairobi wakikunja uso. "Zii, hiyo siwezi!" Lakini wacha tuambiane ukweli: kuna sukuma za mtaani zinazonyweshwa maji taka mabichi kando ya mto, na tunakula bila maswali.

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ulianza kusafisha maji taka hadi yakanyweka mwaka wa 1968. Kwao ni jangwa, hawakuwa na pa kukimbilia. Sisi tunategemea bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Mvua ikikosa, ni mgao na kununua maji kwa mtungi. Ilhali maji taka yanayofika mtambo wa Ruai husafishwa, kisha huachiliwa mtoni yaende zake.

Hakuna anayekuambia uyanywe kesho. Tuanze na mjengo, kuosha magari na kuflashi choo. Mbona choo kimwagiwe maji ya kunywa wakati jirani anahesabu mitungi?

Kaunti ilazimishe majengo mapya makubwa kuwa na mabomba mawili. Na maji hayo yapimwe kila mara, matokeo yawekwe hadharani. Kinyaa hakiondolewi na hotuba.