Ajenti Anafanya Utafiti, Serikali Inachapisha Fulana

Wadau, leo sina kichekesho. Nataka tuongee kuhusu kitu kinachosikika kama dawa ya usingizi: pesa za utafiti. Ngoja kwanza, usipite.

Ukisimama steji ya Ahero asubuhi na mapema utaelewa kwa nini ajenti wa kazi za Saudia wanapapenda hapa. Barabara ya Kisumu kwenda Nairobi kupitia Kericho inakutana na ile ya Kisii, Migori na mpaka wa Isebania. Gari la kwenda popote halikosi. Ukiingia ndani kidogo, Kobura au Kabonyo Kanyagwal, utakuta familia ambazo mafuriko yaliziosha 2020, zikaanza upya, halafu 2024 maji yakarudi. Ajenti anaijua kalenda hiyo kuliko chifu. Anajua wiki ambayo shule zinafunguliwa na karo haipo. Na huku kwetu haji na miwani nyeusi kama wa kwenye sinema. Ni anti fulani. Ni mtu wa kanisani ambaye amewahi kumsaidia mama yako nauli ya hospitali.

Juu mimi hutengeneza video, hawa watu hunitumia ujumbe. Mmoja alinitaka nimtangazie "kazi ya ndani, viza bure". Nilikataa, lakini kabla ya kukata simu alinifunza kitu. Aliniambia tangazo la msichana anayemjengea mama yake nyumba ya mabati linaleta simu nyingi kuliko tangazo lenye picha ya ndege, na kwamba Januari linafanya vizuri kuliko Novemba. Amejaribu yote mawili, akahesabu simu. Huo, jameni, ni utafiti. Mtu hana digrii wala ofisi, na anajua ni maneno gani yanamtoa msichana wa Kano nyumbani.

Sasa linganisha. Niliwahi kulipwa na shirika moja kutengeneza video ya Julai 30, siku ya dunia ya kupinga ulanguzi wa binadamu. Kulikuwa na fulana, bango, soda na mgeni wa heshima aliyechelewa. Baadaye niliulizwa swali moja tu: ni watu wangapi wameitazama? Hakuna aliyeuliza kama kuna hata msichana mmoja aliyeghairi safari, au aliyeenda lakini akakagua leseni ya ajenti kwanza. Mtu yeyote wa mitandao atakuambia video inaweza kutazamwa na nusu ya Kisumu na isiuze hata kipande cha sabuni.

Ninachosema ni hiki: serikali ya Kenya itenge ruzuku, pesa zetu wenyewe, za kupima ni njia gani hasa inapunguza ulanguzi wa binadamu. Si semina nyingine. Kupima.

Sheria tunayo. Ile ya 2010, iliyoanza kutumika 2012, inampa mlanguzi kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, na ilianzisha hazina ya kuwasaidia waathiriwa. Lakini sheria inamngoja aliyekamatwa. Kuhusu wasiokamatwa tunabahatisha. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa idadi ya Wakenya waliokufa Saudia: watu 89. Machi 2025 tukasoma kwenye New York Times kwamba ni angalau 274 katika miaka mitano. Na hao ni maiti, ambazo ndizo rahisi kuhesabu kwa sababu zinarudi kwa ndege. Aliye hai, amenyang'anywa pasipoti na kufungiwa nyumba ya ghorofa Riyadh, yuko kwenye orodha ya nani?

Na si kila anayeenda anaumia. Tuseme ukweli, kuna nyumba hapa Nyando zimejengwa na pesa za Saudia, na watoto wamesomeshwa. Ndiyo maana kelele za "msiende" hazisaidii. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za ajenti na kupiga marufuku safari hizo, baadaye ikaziruhusu tena. Marufuku ilimlinda nani, na ilimsukuma nani kwenye njia za panya? Ungetegemea mtu awe na jibu.

Kinachonishangaza ni kwamba kanda hii inajua utafiti kuliko pengine popote Kenya. Miaka ya tisini, vijiji zaidi ya 200 vya Asembo na Gem vilishiriki utafiti wa neti zilizotiwa dawa: nusu vilipewa kwanza, nusu vikasubiri, na vifo vya watoto vikahesabiwa. Ilionekana wazi neti zinaokoa watoto. Hapa Kisumu, vijana 2,784 walijiunga na utafiti wa tohara uliofungwa Desemba 2006 kabla ya wakati, kwa sababu tohara ilikuwa imepunguza maambukizi ya HIV kwa karibu nusu na haikuwa haki kuwafanya wengine waendelee kungoja. Rarieda ndiko GiveDirectly walikogawa pesa taslimu kwa familia maskini na watafiti wakafuatilia zilifanya nini. Mbu tumempima. Kirusi tumekipima. Umaskini nao tumeupima. Kumbe ni ajenti tu asiyepimika?

Jibu la kawaida ni kwamba wafadhili watafanya. Marekani ilianza kweli. Mwaka 2017 Wizara yao ya Mambo ya Nje ilianza kutoa ruzuku chini ya sheria iliyotaka utumwa wa kisasa upunguzwe kwa asilimia 50 katika makundi yanayolengwa, kwa namna inayopimika. Kwamba unapima kabla, unapima baada. Wazo zuri sana. Halafu Machi 2025 Wizara yao ya Kazi ikafuta ruzuku za kimataifa za ofisi inayopambana na ajira ya watoto na kazi za kulazimishwa, zote, kwa kalamu moja. Ni pesa zao, siwezi kulia sana. Lakini sheria yetu ya sayansi ya 2013 inasema hazina ya taifa ya utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, na hatujawahi kuikaribia. Hiyo nayo tumlaumu Trump?

Kuna dada anauza chapati karibu na steji, alirudi kutoka Riyadh bila hata begi. Kila msichana anayesikia anajiandaa kwenda, humtafuta waongee. Wengine huahirisha, wengine huenda vilevile, na yeye hajui ni kipi alichosema kilichofanya tofauti. Mpe mtu kama huyo mshahara na mtafiti wa Maseno wa kushirikiana naye. Chukua wodi za Nyando. Katika baadhi ya vijiji, kila anayetaka kusafiri akutane na aliyerudi na wakague pamoja kama ajenti yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kwingine, familia zipewe mkopo wa dharura mafuriko yakipiga, kabla anti hajabisha. Kwingine wasubiri mwaka mmoja, kama ilivyokuwa Asembo. Halafu hesabu. Waliofichwa huwezi kuwapata kwa kugonga milango, lakini aliyerudi anawajua watatu waliorudi, na hao watatu wanawajua wengine. Chama cha akina mama huongezeka hivyohivyo.

Najua mtasema nini kwenye maoni. "Utafiti ni pesa za kulipia hoteli Nairobi." Mara nyingine ni kweli. Tumeona watu wakija na vishikwambi, wanauliza maswali arobaini, wanakupa sabuni ya kipande, hawaonekani tena. Kwa hivyo masharti ya ruzuku yaandikwe hivyo: matokeo yasomwe barazani, kwa Dholuo na Kiswahili, kabla ya malipo ya mwisho kutoka. Na pesa hizi zisitolewe kwenye hazina ya waathiriwa. Msichana aliyetua jana JKIA akiwa na mkono uliovunjika hawezi kungoja takwimu.

Kamati ya Bajeti ya Bunge hupokea maoni ya wananchi kabla ya bajeti ya Juni. Yangu nimeyaandika, ukurasa mmoja, na nitayabandika hapa chini mnakili. Ukiwa umerudi kutoka Saudia, Qatar au Oman na unataka kuongeza mistari yako, nitumie ujumbe wa faragha. Jina lako sihitaji.