Pensheni ya Mathe Wako Ni Wewe: Mbona Uzee Kenya Hauko Sawa kwa Wote

Mshahara ukiingia tu, kabla hata ulipe keja, simu inaita kutoka ocha. Unga imeisha. Dawa ya presha ya mathe imeisha. Unatuma. Tumezoea kusema ni kusaidia wazazi, lakini tuiite kwa jina lake: hiyo ni pensheni, na mlipaji ni wewe.

Tulifikaje hapa? Zaidi ya asilimia 80 ya kazi Kenya ni za jua kali: mama mboga, fundi, dobi, msee wa mjengo. Hizo kazi hazina payslip wala barua ya kustaafu. Siku mgongo ukikataa, ndiyo umestaafu.

Sasa linganisha na aliyeandikwa na serikali. Anastaafu akiwa na miaka 60, na kwenye mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021, yeye anakatwa asilimia 7.5 ya mshahara, serikali inamwekea asilimia 15. Poa, amefanya kazi, anastahili. Lakini mama mboga amelipa ushuru wa soko miaka nenda rudi, na hakuna mtu amemwekea hata bob moja. Halafu kuna wale wa juu kabisa: chini ya sheria ya mwaka 2003, rais mstaafu hulipwa asilimia 80 ya mshahara wa rais aliye kwenye kiti, kila mwezi, na bado kuna magari, madereva na matibabu.

Utaambiwa kuna Inua Jamii. Ni kweli, ipo. Mzee akifika miaka 70 na hana pensheni nyingine, anaweza kuandikishwa apate 2,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 30: kama bob 67. Hiyo ni mkate mdogo, na chai bado haijachemka. Hiyo thao mbili haijasonga kwa zaidi ya miaka 10, na bei ya unga unaijua wewe mwenyewe. Mara nyingi pia inachelewa, miezi inarundikana, na wakati huo shosho anakopa dukani.

Lakini kwangu shida kubwa ni hiyo namba 70. Mtu aliyebeba mawe na simiti tangu akiwa na miaka 18 hafiki 60 akiwa na mwili sawa na wa mtu wa ofisini. Magoti yameenda, kifua kinakwaruza. Hakuna mtu wa kumwandika, na bado anaambiwa angoja miaka 10. Sensa ya 2019 iliweka umri wa kuishi wa wanaume kuwa miaka 60.6, wanawake 66.5. Ni wastani, watoto wanaokufa wadogo wanaushusha, kwa hivyo haimaanishi kila mtu anaishia hapo. Lakini maisha magumu hupunguza miaka, kila mtu mtaani anajua. Ukiweka mlango kwa 70, wengi watakaoupita ni wale waliokula vizuri na kutibiwa mapema. Aliyeumia zaidi ndiye anakosa.

Na NSSF je? Kwa miaka mingi mchango ulikuwa bob 200 kwa mwezi, na mwajiri 200. Hata kama mzee wako alichangiwa hivyo miaka 30 bila kukosa, ni 144,000 kabla ya riba. Tangu Februari 2023 makato yamepanda hadi asilimia 6, na mwajiri asilimia 6. Tulilia sana, na doh kweli inauma, ila angalau hiyo ni yako. Mwenye hana mwajiri hana wa kumjazia nusu ya pili.

Wamama ndio wameumia zaidi. Miaka ya kulea watoto na kuuguza wagonjwa haikuandikwa popote, na mara nyingi shamba lina jina la mtu mwingine.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee waishi kwa heshima, na watunzwe na familia pamoja na Serikali. Familia imefanya sehemu yake. Serikali ishushe umri uwe 60, hiyo 2,000 ipande bei zikipanda, na wa jua kali akiweka kidogo aongezewe kitu, vile watumishi wa umma huongezewa.

La sivyo, cheki vile inaenda: doh unayotuma ocha ndiyo ungeweka akiba. Hauweki. Miaka 35 ijayo ni mtoto wako atapigiwa simu, na kama naye ni wa hustle, pia yeye hataweka. Familia yenye pensheni inaachia watoto ploti, yetu inaachia watoto wazee wa kulisha.

Kama kuna kitu kinabaki, hata bob 25 kwa siku, inafika 9,125 kwa mwaka. Anza. Lakini mwanasiasa akikuja mtaani kuomba kura, muulize kuhusu hiyo 70. Wewe ndiwe unailipia.