Masafa ya Hewani ni Mali ya Wananchi

Iko mali moja ya wananchi isiyoonekana kwa macho wala kupimwa kwa kamba kama shamba. Mali hiyo ni masafa ya redio, yaani njia za hewani zipitishazo mawasiliano ya simu zetu za mkononi. Serikali huzigawa njia hizo kwa leseni, na kampuni isiyo na leseni haina pa kupita hata ikijenga minara elfu.

Leo twaitazama Afrika ya Kusini, iliko kampuni mama ya Vodacom ya hapa kwetu Tanzania. Mwaka 2012 makampuni makubwa ya simu huko yalianzisha mtandao wa 4G. Masafa mapya hayakupewa. Yalimega yale yale ya zamani yaliyokuwa yakibeba simu za kawaida. Masafa bora, ya megahezi 700 na 800, yalikuwa yamekaliwa na televisheni za analojia. Mwalimu yeyote aweza kulieleza jambo hili darasani: kwa masafa ya chini mnara mmoja huhudumia eneo pana, bali ya juu yataka minara mingi. Basi ya chini yakikosekana, nani aachwaye? Si mkazi wa Johannesburg. Ni mtu wa kijijini, ambaye kampuni haioni faida ya kumjengea mnara wa pili na wa tatu.

Mapatano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka Juni 17, 2015, kuwa mwisho wa kuhama kutoka analojia. Hapa kwetu kuzima kulianza Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na tusijisifu mno, maana wako waliobaki bila picha kwa kukosa fedha za king'amuzi. Wenzetu wao waligombania ving'amuzi, viwe na kufuli ama visiwe nalo, hata shauri likafika Mahakama ya Katiba mwaka 2017. Na mwaka 2016 kulitokea ajabu: Mamlaka ya Mawasiliano, ICASA, ilitangaza mnada wa masafa, na Waziri mwenyewe akaenda kortini akauzuia. Mkono wa kulia ukiushitaki wa kushoto, mtoto atalishwa na nani?

Makampuni nayo yasijifanye mayatima. Desemba 2019 Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilisema kwamba bei za intaneti zi juu, na kwamba anunuaye kifurushi kidogo hutozwa zaidi kwa kila kipimo kuliko anunuaye kikubwa. Yakajitetea: hatuna masafa! Lakini Aprili 1, 2020, Vodacom ilishusha bei ya gigabaiti moja ya siku 30 kutoka randi 149 hadi 99, na masafa mapya yalikuwa hayajatolewa. Kumbe yaliwezekana.

Mwezi huo huo, kwa hofu ya korona, ICASA ikatoa masafa ya muda. Lililoshindikana kwa miaka likafanyika kwa majuma. Mnada wa kudumu ukazuiwa tena kortini mwaka 2021, ukafanyika Machi 2022, ukaleta randi bilioni 14.4. Miezi mitatu baadaye Mahakama ya Katiba ikaikataa tarehe ya kuzima analojia, na baadhi ya masafa yaliyouzwa yakabaki na mpangaji wake wa zamani.

Wako wanaoilaumu Mahakama. Sisi hatuilaumu. Haifai kumzimia maskini televisheni yake ili mwenye simu ya bei kubwa apate kasi. Twawalaumu waliokuwa na miaka kumi na zaidi ya kumpelekea maskini huyo king'amuzi, wasimpelekee.

Kwa hiyo twaitaka Serikali yetu, kila igawapo masafa, iandike ndani ya leseni majina ya vijiji vitakavyofikiwa na mwaka wa kufikiwa, na orodha hiyo ibandikwe katika ofisi za kata wananchi waisome. Kampuni itakayokalia masafa pasipo kujenga, inyang'anywe, kama anavyonyang'anywa mtu shamba aliloliacha likawa pori.